Makala Iliyokwenda Kinyumenyume

Afande alikuwa amewahi kukamata wezi wa magari, wezi wa nyaya za umeme na mwizi mmoja wa jeneza tupu, lakini katika miaka yake ishirini na sita ya upolisi hakuna aliyewahi kumtuma kumtafuta mwizi wa marejeleo. Ilibidi kwanza aulize marejeleo ni kitu gani. Mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo, bingwa wa udongo, alimweleza jana yake taratibu, akitumia vidole. Mtafiti akiandika makala, mwishoni huorodhesha kazi za wenzake alizozitumia. Kila aliyeorodheshwa amerejelewa mara moja. Ukirejelewa sana, wewe ni mtu. Usiporejelewa, shauri yako.

"Na huyu mama wa hisabati?" Afande aliuliza.

"Mara mia nne na kumi na mbili. Miaka miwili iliyopita alikuwa na hamsini tu."

"Labda watu wamemgundua."

"Hisabati haigunduliwi kwa kasi hiyo," alisema bingwa wa udongo, na akamkabidhi barua isiyo na jina.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, kamati ilikuwa inakaa saa tisa alasiri, na Afande alikuwa ofisini kwake akiisoma barua ile kwa mara ya sita. Tangu astaafu polisi na kuajiriwa kuwa mpelelezi wa chuo, alikuwa amepewa chumba kilichokuwa stoo ya chaki, na kila alichokiweka mezani kiliinuka kikiwa cheupe. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, hoja zake zimepewa namba.

"Moja. Makala ya mtajwa kuhusu aljebra ya mipangilio, yenye kurasa kumi na mbili, kwa miaka kumi na saba ilirejelewa mara tisa, saba kati ya hizo na yeye mwenyewe. Mbili. Katika miaka miwili iliyofuata imerejelewa mara mia tatu sitini na mbili. Tatu. Wanaoirejelea si wanahisabati, bali watu wa mbegu, wa bandeji na wa chakula cha kuku. Nne. Tangu makala itoke, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwandikia mwandishi kumuuliza chochote juu yake. Kwa hiyo ama marejeleo haya ni ya kununuliwa, ama yana sababu ambayo mwandikaji wa barua hii haijui. Naomba yachunguzwe kabla mtajwa hajapewa uprofesa."

Chini kabisa, mahali pa saini, palikuwa na kijimraba cheusi.

Sheria ya chuo ilikuwa ngumu katika jambo hili. Tuhuma ikishaandikwa, inaondoka kwa njia mbili tu: mlalamikaji aiondoe kwa saini yake, au uchunguzi wa siku tisini ufike mwisho. Kamati hukaa mara moja kwa mwaka. Dokta, kama kila mtu chuoni alivyomwita, alikuwa anatimiza miaka sitini baada ya miezi minne. Mhadhiri hustaafu akiwa na sitini, profesa akiwa na sitini na tano. Kwa hesabu hiyo, ambayo hata Afande aliiweza, mlalamikaji asipopatikana na kusaini kabla ya saa tisa, mama wa watu angefungasha virago, na somo la aljebra lingefungwa pamoja naye kwa kuwa hakuna mwingine wa kulifundisha.

Alianza na aliyekuwa na faida.

Naibu mkuu wa idara ya hisabati aliitwa Kiwango na wanafunzi, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kutaja viwango. Mlangoni kwake alikuwa amebandika chati ya marejeleo yake mwenyewe, na chini yake maneno "Husahihishwa kila Jumatatu." Nafasi ya uprofesa katika idara ilikuwa moja, na walioiomba ni yeye na Dokta.

"Hii barua umeandika wewe?" Afande aliuliza kabla hajakaa. Alikuwa na imani kwamba watu hudanganya vizuri zaidi wakishaketi.

Kiwango aliisoma barua, akairudisha. "Afande wangu, mimi nikiandika barua naweka jina, cheo na idadi ya makala zangu."

"Lakini umefurahi."

"Sitakuficha, nimefurahi. Mimi nina marejeleo mia sita na kumi. Nimeyatafuta kwa jasho."

"Mangapi umejirejelea mwenyewe?"

Kiwango alirekebisha tai yake. "Hilo swali halina adabu."

"Mangapi?"

"Mia mbili na ushei. Lakini kwa kiwango cha kimataifa hiyo ni kawaida." Alifungua droo haraka, akatoa bunda la karatasi lililobanwa kwa klipu kubwa. "Nikusaidie kazi. Hii hapa orodha ya wote waliomrejelea Dokta. Tazama ile makala ya mipangilio. Mstari uleule, koma kwa koma, nukta kwa nukta. Watu mia tatu wa nchi mbalimbali wanaandikaje mstari mmoja? Hilo ni genge, Afande. Wanarejeleana kwa zamu."

"Orodha hii umeichapa lini?"

"Jumatatu."

"Na Jumatatu iliyopita?"

"Naifuatilia tu," alisema Kiwango. "Mtu lazima amjue jirani yake."

Afande alilichukua bunda. Kiwango alikuwa na wivu wa wazi, na wivu wa wazi haujifichi kwenye barua isiyo na jina. Isitoshe, mwandikaji alikiri kwamba kuna sababu asiyoijua. Kiwango alikuwa hajawahi kukiri kutojua kitu tangu darasa la kwanza.

Ofisi ya Dokta ilikuwa mwisho wa korido. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mbao mbili za kuandikia, kiti kimoja chenye mto wa kufuma, na vikombe vitatu, viwili vya chaki na kimoja cha chai ambacho nacho kilikuwa na kipande cha chaki. Mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye sweta lililopauka viwikoni, na alikuwa anaandika bila kugeuka.

"Karibu, Afande. Nipe dakika moja, nikiacha hapa nitapotea."

Afande alisimama akasubiri, akazitazama mbao. Dokta alimaliza mstari, akachora kijimraba, akakijaza kwa chaki, akageuka akitabasamu.

"Nieleze hii mipangilio," alisema Afande. "Lakini nieleze kama mtu aliyepata sifuri."

"Ulipata sifuri kweli?"

"Nne kwa mia."

"Basi una msingi." Dokta alivuta ubao. "Chukua mawifi kumi na watatu, wote hawapatani. Kuna karamu kumi na tatu, na kila karamu unawaalika wanne. Unataka kila wawili wakutane mara moja, moja tu, ili asiwepo wa kusema ametengwa wala wa kusema amekutanishwa na fulani mara mbili. Utawapangaje?"

"Nitaomba uhamisho."

Dokta alicheka mpaka akashika ubao. Aliandika sifuri, moja, tatu, tisa. "Karamu ya kwanza waite hawa. Ya pili, ongeza moja kwa kila mmoja: moja, mbili, nne, kumi. Endelea hivyo, na ukifika kumi na tatu rudi sifuri. Mara kumi na tatu, na kila wawili wamekutana mara moja. Hiyo ndiyo aljebra. Ila hili walilijua watu kabla bibi yangu hajazaliwa. Mimi niliongeza kitu kidogo pembeni: karamu moja ikivunjika, unafanya nini ili usianze upya."

"Na hicho kijimraba?"

"Tunaweka uthibitisho ukiisha."

"Barua umeandika wewe," alisema Afande.

Dokta aliiweka chaki kwenye kikombe cha chai.

"Umejuaje?"

"Hoja ya nne. Nani anajua kwamba mwandishi hajawahi kuandikiwa na mtu, kama si mwandishi? Kijimraba nimekiona ubaoni kwako sasa hivi. Na zaidi ya yote, adui hakuachii mlango. Huyu wa barua anasema labda ipo sababu asiyoijua. Adui gani mwenye haki hivyo?"

"Nilikwenda masjala mara tatu," alisema Dokta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Niliwaambia namba zangu haziko sawa, zichunguzwe. Wakanipa fomu. Fomu ina jina la mlalamikaji na jina la mtuhumiwa, na chini imeandikwa yasifanane. Nikawaambia yanafanana. Karani akasema basi sina malalamiko. Ndiyo nikatumia sanduku la maoni."

Afande aliketi kwenye kiti chenye mto. Alikuwa amehoji watu waliokataa kukiri mpaka jua likazama, lakini hakuwahi kukutana na anayekataa kuachiwa. Alitoa karatasi ya kuondoa tuhuma, akaiweka juu ya meza. "Saini hapa. Mlalamikaji umepatikana, kesi imekwisha, saa tisa unakwenda kwenye kamati."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hujanionyesha kwamba si kweli."

"Dokta, miezi minne ikipita unakwenda nyumbani."

"Nikienda nyumbani nikiwa mhadhiri sina neno. Nimefundisha vizuri, nimelala vizuri. Lakini nikipewa uprofesa kwa kosa la kompyuta, kila mtu akiniita Profesa nitaona aibu. Nataka hiyo miaka mitano, Afande. Naitaka sana, nina kazi kwenye huu ubao sijaimaliza. Ila sitaichukua kwa namba nisizozielewa."

Afande alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda maktaba.

Mkutubi mkuu alikuwa mdogo wa mke wake, na hakuwahi kumwacha apite salama.

"Shemeji, leo umekuja kusoma au umepotea njia?"

"Nimepotea. Nionyeshe kiti."

"Kiti tunampa anayesoma."

"Basi soma wewe, mimi nitashika rula." Aliliweka bunda la Kiwango mezani. "Mtu ananiambia hili ni genge. Nataka kujua bosi wao ni nani."

Walifanya kazi kama polisi wanavyofanya, mstari baada ya mstari, yeye akishika rula na shemeji akisoma. Makala za mbegu za mahindi. Makala za bandeji za vidonda vya moto. Makala moja ya wataalamu wa chakula cha kuku, iliyofuatwa na nyingine ya wataalamu haohao, wakijibu kuku wengine. Kila moja ilimtaja Dokta, jina la makala yake, jarida, mwaka na kurasa. Afande alianza kusinzia. Alipofika ukurasa wa sita wa orodha, rula yake ilisimama.

"Rudia kurasa."

"Mia moja thelathini na moja hadi mia moja ishirini na nne."

"Rudia tena."

Shemeji alirudia, kisha akaanza kucheka peke yake. "Inaanza mia thelathini na moja inaishia mia ishirini na nne. Hii makala inasomwa kuanzia mwisho?"

"Yenyewe iko ukurasa gani?"

Shemeji aliingia rafuni, akarudi na jarida lenye jalada la kijani, akapuliza vumbi. "Mia moja kumi na tatu hadi mia moja ishirini na nne. Mtu amegeuza tarakimu."

Afande aliamka kabisa. Zamani aliwahi kukamata magari manane ya wizi kwa sababu fundi mmoja wa vibao vya namba alikuwa na kosa lake: sita yake ilikuwa na mkia. Mia tatu wanaweza kuandika mstari mmoja kwa sababu mia tatu wameukopi mahali pamoja. Kilichobaki ni kumpata wa kwanza.

Waligawana kalamu, yeye nyekundu, shemeji bluu. Nyekundu kwa kila aliyeziandika kurasa kinyumenyume, bluu kwa aliyeziandika sawasawa. Ilipofika saa sita, nyekundu za miaka miwili ile zilikuwa mia mbili tisini na nane. Bluu zilikuwa sitini na nne. Kisha shemeji alipanga nyekundu kwa tarehe kwenye kompyuta na ya kwanza kabisa ikajitokeza: ripoti ya majaribio ya maharage kutoka kituo cha mbegu kilichokuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya tanuri la matofali. Chini ya kila jedwali la ripoti palikuwa na mstari mdogo: "Mpangilio umetolewa na programu ya vitalu. Ni bure. Ukiitumia, tafadhali rejelea," na hapo likafuata jina la Dokta na makala yake, ukurasa wa 131 hadi 124.

"Hili si genge," alisema shemeji.

"Hili ni tangazo," alisema Afande. "Nitakununulia soda."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

Ofisini kwake, Dokta alimsikiliza akiwa amesimama, bila kumkatiza. Programu fulani iligawiwa bure miaka miwili iliyopita. Watu wa mbegu waliipenda, wakawapa wa kuku, wa kuku wakawapa wa hospitali. Kila aliyeitumia aliufuata ule mstari kama ulivyo. Hakuna aliyenunua wala kuuza chochote.

"Hata hivyo," alisema Dokta. "Mashine ikiwaambia andikeni, wakaandika, huko si kusoma."

"Mia mbili tisini na nane hawakusoma, nakubali. Lakini sitini na nne wamezisahihisha kurasa."

"Huwezi kuzisahihisha bila..."

"Bila kuifungua makala."

Dokta aliketi kwenye kiti chake cha mto. "Sitini na nne?"

"Nimewahesabu mwenyewe kwa kalamu ya bluu."

"Sitini na nne wameifungua," alisema, na uso wake ukawa wa msichana. Kisha ukarudi kuwa wa Dokta. "Lakini kufungua si kutumia. Hiyo programu inafuata kanuni yangu, au wamebandika jina langu kwa heshima tu? Nikilijua hilo, nasaini."

Afande alichukua funguo za gari. Ilikuwa saa sita na nusu. Mlango wa abiria wa gari lake ulifunguka kwa nje tu, na njia nzima Dokta alikuwa ameshikilia mkoba wake magotini bila kusema neno, isipokuwa mara moja alipouliza kama wale sitini na nne walikuwa wametoka nchi mbalimbali. Afande alimwambia ndiyo.

Kituo cha mbegu kilikuwa nyumba ndefu ya bati yenye harufu ya magunia, na mbele yake shamba lililokatwakatwa kwa kamba. Msimamizi wake, ambaye bango la mlangoni na wafanyakazi wote walimwita Bwana Mbegu, alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya majani na waya wa vibao vya namba shingoni. Afande alipomtambulisha mgeni wake, Bwana Mbegu alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikutegemea kukuona kwa macho yangu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Wewe hunifahamu. Mimi nakufahamu miaka kumi na minane." Aliingia ndani, akarudi na faili lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake, kwenye mfuko wa plastiki, mlikuwa na barua ya kurasa tatu, mwandiko mdogo uliosimama wima. Dokta aliutambua kabla hajaipokea.

"Huu ni mwandiko wangu."

"Nilikuwa mgeni kazini," Bwana Mbegu alimweleza Afande. "Nina aina kumi na tatu za maharage, na kila kitalu kinachukua aina nne tu. Nataka kila aina ipimwe pamoja na kila nyingine, kwa haki. Nilimwandikia mkuu wa idara ya hisabati, akampa Mwalimu. Baada ya wiki nikapata hii. Nilikuja kujifunza kompyuta, nikaigeuza programu. Mpaka leo ndiyo hiyo."

Afande alimgeukia Dokta. "Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwandikia mwandishi."

"Huyu aliuliza juu ya maharage," alisema Dokta.

"Na ulimjibu kwa kutumia nini?"

"Nilitumia..." Dokta aliigeuza barua upande wa pili, akaisoma, akaigeuza tena. "Nilitumia makala. Kanuni ya nne, yote, nimeiandika hapa kwa lugha ya maharage." Aliinua macho kwa Bwana Mbegu. "Sikumhesabu. Swali halikuwa na herufi hata moja ya aljebra, nikaona nimemsaidia mtu wa shamba tu."

"Imewahi kukusaidia kweli hiyo kanuni?" Afande alimuuliza Bwana Mbegu. "Sema ukweli, kuna mtu atastaafishwa."

"Mwaka juzi kitalu cha sita kilizama kwa mvua. Wakubwa wakasema tuutupe msimu mzima, tuanze upya. Nikafungua ukurasa wa pili wa hiyo barua, pale anapoeleza kitalu kimoja kikifa. Nikafanya alivyosema. Mbegu ile iliyoshinda ndiyo inayopandwa sasa huko kote." Alionyesha kwa mkono, kutoka shambani hadi upeo wa macho, kisha akainamisha kichwa. "Zile namba za kurasa zimo mwishoni mwa barua, ila kuzinakili nilikosea mimi. Waliniambia wale wa bandeji, nikaona haya kurekebisha. Vidole vyangu vimezoea jembe."

Dokta alikuwa ameshavuka kamba. Alipita kitalu hadi kitalu akiinama kwenye vibao: sifuri, moja, tatu, tisa. Moja, mbili, nne, kumi. Mbili, tatu, tano, kumi na moja. Afande alimfuata nyuma na viatu vyake vya ofisini, akaona kwamba hata yeye, mtu wa nne kwa mia, angeweza kukitabiri kitalu kinachofuata. Walipofika cha kumi na tatu Dokta alisimama, akakosa pa kuiweka mikono yake. Alikuwa amefurahi kupita kiasi, na hakuwa amezoea.

"Nipe hiyo karatasi," alisema.

Aliiandikia juu ya mgongo wa Afande. Palipoulizwa sababu za kuondoa tuhuma aliandika kwamba mlalamikaji alikosea kuhesabu, akaweka saini, akaweka tarehe. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Afande aliupuliza wino ukauke, akaitia karatasi mfukoni kwa uangalifu kuliko alivyowahi kutia hati ya kukamata mtu.

"Twende sasa. Una kamati."

"Mwalimu," alisema Bwana Mbegu, akiizungusha kofia mikononi, "samahani. Kwa kuwa umefika. Mwaka huu vitalu vimekufa viwili. Kuku wa jirani. Nimeisoma barua yako yote, kwa viwili haisemi kitu."

Dokta aligeuka. "Viwili vipi?"

"Cha pili na cha saba."

"Vina aina moja ya pamoja," alisema Dokta taratibu. "Siku zote vitakuwa nayo. Viwili vyovyote." Alikuwa anaongea peke yake sasa. "Sijui jibu. Una kamba ya ziada?"

"Dokta," alisema Afande. "Saa tisa."

"Peleka wewe hiyo karatasi. Waambie niko kazini."

Afande alifungua kinywa, akaona Dokta ameshakaa juu ya debe lililopinduliwa na sweta limegusa udongo, akakifunga. Aliendesha gari peke yake, na alifika kwenye chumba cha kamati saa tisa kasoro dakika nne. Nje ya mlango Kiwango alikuwa amekaa na suti mpya, chati yake imekunjwa mapajani.

"Wamemkamata?" Kiwango alinong'ona.

"Hana kosa. Kuna programu ya kupanga maharage inawaambia watu wamrejelee."

Kiwango aliwaza. "Na hiyo programu ina nafasi ya majina mawili?"

Ndani, bingwa wa udongo alisoma karatasi ya kuondoa tuhuma, akasoma maelezo ya Afande ya ukurasa mmoja, akawapitishia wenzake sita. Mmoja wao, daktari wa upasuaji, alisema wodini kwake wanaitumia programu ile na alikuwa hajui kuna mtu nyuma yake. Mwenyekiti aliangalia kiti kitupu mwisho wa meza.

"Mtahiniwa mwenyewe yuko wapi? Hii ndiyo siku aliyoingoja miaka thelathini."

"Yuko shambani," alisema Afande. "Kuna mtu kamuuliza swali."

"Shambani? Udongo wa namna gani?"

"Mwekundu, mheshimiwa. Unashika sana viatuni."

Wajumbe walitazamana. Walikuwa wamekaa chuoni miaka mingi, na kila mmoja alimkumbuka mtu aliyewahi kumuuliza swali la kweli. Walimwomba Afande asubiri nje. Ilichukua dakika kumi na moja, na mwenyekiti alipotoka alimwambia neno moja tu sikioni, kisha akamwita Kiwango kwa heshima ili amweleze kuhusu mwaka ujao.

Afande alitoka hadi ngazini, akapiga simu. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Afande, subiri kidogo. Tuko kitalu cha kumi na moja."

Alisubiri. Alimsikia akibishana na Bwana Mbegu juu ya nani ahamishiwe wapi, akamsikia akicheka, akasikia kamba ikivutwa kwenye majani. Muda wake wa simu ulikuwa unakwenda, naye akauacha uende.

"Haya," Dokta alirudi, akihema. "Nadhani inawezekana, lakini bado sijathibitisha. Ulikuwa unasemaje?"

"Hakuna haraka, Profesa."

Afande alisikia upepo tu, kisha sauti ya Bwana Mbegu kwa mbali ikiuliza kama kuna habari mbaya.

"Hapana," alijibu Dokta, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Shika kamba vizuri, tuendelee."